Vikwazo, misaada na haki za jirani: jibu kwa msomaji wa Kibirizi

Kijana mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, kaniandikia swali, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu kuna mjadala hauishi. Wengine wanasema nchi kubwa zikikata misaada na kuweka vikwazo ndo watawala wa Afrika watashika adabu, wengine wanasema huo ni ubeberu mtupu, hakuna nchi inayojali haki za nchi nyingine. Mama yangu akisikia tu neno vikwazo anakasirika, anasema vikwazo vya Burundi vya mwaka 96 ndo vilivyoua mtaji wake wa mawese. Sasa tuambie, kweli sera ya nje ya nchi moja inaweza kutetea haki na demokrasia ya nchi nyingine? Na Tanzania yetu ifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Jibu langu ni kwamba inawezekana, imeshawahi kuwezekana, lakini mara nyingi inashindikana, na ukikaa ukachambua zile zilizofanikiwa na zile zilizofeli unakuta mambo yanayojirudia: watu wenyewe wa ile nchi walikuwa wanapigania kitu na wakaomba msaada au hawakuomba, majirani walisimama pamoja au kila mmoja alivuta kwake, na kilichodaiwa kilikuwa kitu kidogo kinachoeleweka au ni hotuba ndefu ya kutaka nchi nzima ibadilike kwa wiki mbili. Halafu kuna la nne ambalo wataalamu wengi wanalipitia juu juu, nalo ni nani hasa anaumia. Mama yako kaligusa hilo la nne kwa hiyo naanza na yeye, maana Kigoma tulikuwa katikati ya lile jambo, hatukusimuliwa.

Kumbuka mazingira. Burundi walifanya uchaguzi Juni 1993, Melchior Ndadaye akashinda, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi wakamuua. Nchi ikaingia kwenye mauaji na vita, watu wakamiminika Kibondo, Kasulu, Ngara. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, ambaye alishawahi kuchukua nchi kwa jeshi mwaka 1987, akaichukua tena, Rais Sylvestre Ntibantunganya alikuwa keshakimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani pale Bujumbura. Siku sita baadaye, yaani 31 Julai, marais wa kanda wakakutana Arusha na kukubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Waliokaa pale ni Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia, Rwanda na Zaire. Wanaosema kijiweni kwamba vikwazo ni kitu cha Wazungu waambie kwamba hivi viliamuliwa na sisi wenyewe, Arusha, na nyuma yake alikuwepo Mwalimu Nyerere aliyekuwa msuluhishi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kawaida ya kusema mambo ya ndani ya nchi ya mwenzio usiyaguse, kwa hiyo majirani kukaa na kusema hatutambui serikali iliyoingia kwa bunduki lilikuwa jambo zito sana kwa wakati ule.

Walidai mambo matatu tu: bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali ikae mezani na makundi yote, wakiwemo wenye silaha, bila masharti.

Sasa Burundi haina bahari. Mzigo wake unashuka Dar es Salaam, unapanda reli ya kati, unafika hapa bandarini Kigoma, unapakiwa kwenye meli kwenda Bujumbura. Ukifunga Kigoma umefunga mlango mkubwa. Na tulifunga. Bandari ikawa kimya, wapagazi wakakaa vijiweni, mabehewa yakapungua, na wale akina mama waliokuwa wanapeleka mawese, dagaa na sabuni ng'ambo wakabaki na bidhaa ndani mpaka zikaharibika. Lakini nenda Kibirizi saa nane usiku enzi zile uone. Boti zinazima injini zikikaribia, madumu ya dizeli na petroli yanapangwa chini, juu yake wanaweka nyavu, wanaondoka bila taa wakifuata ufukwe kuelekea kaskazini. Kila dumu lililofika Bujumbura liliuzwa bei ya ajabu maana kule mafuta yalikuwa yameadimika. Sasa jiulize, nani alikuwa na uwezo wa kufanya biashara ile? Siyo mama yako. Alikuwa mtu mwenye hela ya kuanzia, anayejuana na askari wa upande huu na afisa wa jeshi wa upande ule. Kwa hiyo vikwazo vilivyowekwa ili kuwabana wakubwa wa jeshi la Burundi vikawapa baadhi yao na marafiki zao biashara nono, na mwananchi wa kawaida wa Bujumbura akawa ananunua chumvi na dawa kwa bei isiyoshikika. Kadiri muda ulivyokwenda nchi zenyewe zilizotia saini zikaanza kulegeza kimyakimya, mizigo ikapitia njia nyingine, na Aprili 1997 marais wakaruhusu rasmi chakula, dawa, mbolea na vitu vya shule, na Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa kabisa.

Je vilifanya kazi? Hapa ndo watu huwa hawapendi jibu langu kwa sababu halipendelei upande. Septemba 1996, haijafika hata miezi miwili, Buyoya alitangaza bunge limerudi na vyama vimeruhusiwa, ingawa vilikuwa na nguvu kidogo. Hilo lisingetokea haraka hivyo bila presha ya majirani, mimi naliamini hilo kabisa. Lile dai la tatu, la kukaa na maadui wote, lilichukua muda mrefu zaidi, mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, Mwalimu akafariki 14 Oktoba 1999 hajaona mwisho wake, Nelson Mandela akapokea kazi na mkataba ukasainiwa Arusha 28 Agosti 2000. Hata hapo vita haikuisha, makundi makubwa yenye silaha hayakuwepo kwenye saini ile, ikabidi yafuatwe moja moja, uchaguzi ukaja kufanyika 2005. Lakini msingi wa ile katiba ya kugawana madaraka ulitoka Arusha. Kwa hiyo vikwazo vilisaidia kufungua mlango, na baada ya hapo vikaendelea kukaa miaka miwili zaidi bila mtu kueleza vizuri Buyoya akifanya nini hasa ndo vinaondoka. Kipindi hicho cha pili ndo kilichoua mtaji wa mama yako. Na hakuna serikali hata moja iliyokaa ikasema wafanyabiashara wadogo wa Kigoma wamebeba mzigo huu kwa niaba ya kanda nzima, tuwafidie. Mimi nalichukulia hilo kama kasoro ya sera yenyewe, siyo bahati mbaya, kwa sababu sera inayotetea haki za Mrundi kwa kumfilisi mama wa Ujiji bila hata kumuuliza ina tatizo la haki ndani yake.

Kutokana na mambo kama hayo, na kutokana na Iraki ya miaka ya 90 ambako raia waliteseka sana, dunia ikahamia kwenye vikwazo vya kulenga mtu. Yaani humfungii nchi bandari, unamfungia jenerali fulani akaunti yake ya benki, unamnyima viza, mtoto wake anayesoma Ulaya anashindwa kulipiwa ada. Kwenye karatasi ni bora zaidi. Lakini angalia tena Burundi, safari hii 2015. Aprili ile Pierre Nkurunziza akatangazwa kugombea muhula wa tatu, watu wakaingia barabarani, polisi wakaua, na sisi tukaona matokeo hapa kabla hata redio za nje hazijaelewa. Kagunga wewe unaijua, kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, gari haifiki. Ndani ya wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala kwenye ule ufukwe, hakuna vyoo, wanakunywa maji ya ziwa hilohilo, kipindupindu kikaingia na kuua watu wapatao 30. Meli ya MV Liemba ilikuwa inatia nanga mbali kidogo kwa sababu ufukweni haiwezi kusogea, watu wanapelekwa na mitumbwi, wazee wanabebwa mgongoni, wanaletwa uwanja wa Lake Tanganyika hapa mjini, halafu mabasi mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa naenda pale uwanjani jioni. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Makamba, kusini mwa Burundi, alikuwa amekaa chini na mfuko wa madaftari ya wanafunzi ambayo hakumaliza kusahihisha, nikamuuliza kwa nini umebeba hivyo badala ya nguo, akasema alitoka darasani moja kwa moja. Huyo ndo mtu tunayemzungumzia tukisema haki za binadamu na sera ya nje, tusije tukadhani ni mambo ya hotelini Geneva.

Haya, dunia ikafanya nini? Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo watu wanne Oktoba 2015, Marekani ikafuata Novemba, na Machi 2016 Ulaya wakasimamisha hela zinazoingia moja kwa moja serikalini kwa kutumia ibara ya 96 ya Mkataba wa Cotonou kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki, ile inayosema usipoheshimu haki za watu tutakaa tuzungumze na tusipoelewana tunasimamisha msaada. Desemba 2015 Umoja wa Afrika uliidhinisha askari 5,000 waende kulinda raia, Bujumbura ikasema wakija tutawapiga kama wavamizi, na Januari 2016 marais wenyewe wa Afrika wakarudi nyuma. Majirani zetu wa Afrika Mashariki hawakuwa na sauti moja, kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Matokeo yake Nkurunziza alibaki madarakani mpaka alipofariki Juni 2020, Burundi ikajitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Oktoba 2017, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikafungwa 2019, na zaidi ya watu 400,000 wakawa wamekimbia nchi. Ulaya ilikuja kuondoa kile kizuizi cha hela Februari 2022.

Linganisha mwaka 1996 na 2015. Mara ya kwanza vikwazo vilikuwa vya kibabe, vilimpiga kila mtu, lakini majirani walikuwa pamoja na walijua wanataka nini. Mara ya pili vilikuwa na akili zaidi lakini vilitoka mbali na mlango wa jirani ulikuwa wazi. Mtawala anayebanwa na Brussels huku boda zake zote zinapitika anapata shida lakini hapigi magoti, tena anapata hotuba ya bure ya kuwaambia wananchi wake kwamba wakoloni wamerudi.

Mfano ninaopenda kuutoa wa upande wa mafanikio ni Gambia. Desemba 1, 2016 Yahya Jammeh alishindwa uchaguzi, akampigia simu mshindi kumpongeza, wiki moja baadaye akageuka. Majirani wa Afrika Magharibi, ECOWAS, hawakudai Gambia iwe nchi ya mfano duniani, walidai kitu kimoja tu: aliyeshinda aapishwe. Adama Barrow akaapishwa Januari 19, 2017 ndani ya ubalozi wa Gambia kule Dakar, askari wa kanda wakavuka mpaka, na baada ya siku mbili Jammeh akapanda ndege akaondoka. Wagambia wenyewe walishapiga kura, walishasema. Majirani walikuja kulinda kauli iliyokwisha kutolewa. Sasa hao hao ECOWAS mwaka 2023 wanajeshi wa Niger walipompindua Rais Bazoum wakatangaza vikwazo vikali, Nigeria ikakata umeme, wakatishia na vita, lakini mitaani Niamey watu wengi walikuwa wanawashangilia wanajeshi, majirani Mali na Burkina Faso wakasema anayeigusa Niger ametugusa sisi, na mwisho wake zile nchi tatu zikajitoa kabisa kwenye jumuiya Januari 2025. Jumuiya ni ileile, silaha ni zilezile, lakini ndani ya nchi hapakuwa na wimbi la kuunga mkono na majirani walipasuka vipande.

Kwa wale wa kijiweni wanaosema hakuna nchi inayojali haki za nchi nyingine, nadhani wamesahau historia yetu wenyewe. Machi 1961, hata uhuru hatujapata, Nyerere aliandika kwenye gazeti la Uingereza kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ya kaburu itabaki ndani, na Afrika Kusini ikatoka mwaka huohuo. Desemba 1965 tukavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ilimwachia Ian Smith ajitangazie uhuru wa Wazungu wachache kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao nchi maskini kama yetu ilikuwa inauhitaji kweli. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 mpaka 1994. Hiyo ilikuwa sera ya nje ya haki za binadamu, na tuliilipia sisi, hatukumlipisha mtu mwingine. Kuhusu kaburu kumbuka ilichukua muda mrefu mno, Umoja wa Mataifa ulikataza kumuuzia silaha mwaka 1977, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya vikwazo 1986 likimshinda Rais Reagan aliyeipinga, na kilichoipa nguvu presha yote ya nje ni kwamba watu wa ndani walikuwa wanapambana kila siku na ndio walioomba. Chifu Albert Luthuli wa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, alishaomba dunia isusie bidhaa za Afrika Kusini tangu 1959, akijua Waafrika wenzake wataumia pia. Mtu anayeumia akisema mwenyewe nibane hata kama na mimi nitaumia, hapo una uhalali. Mtu mwingine akiamua kwa niaba yake akiwa ofisini Washington au Dodoma, huna.

Na hata bunduki yenye nia njema haikwepi hilo. Aprili 1965 Che Guevara alipita hapa hapa Kigoma usiku, akavuka ziwa na wenzake kutoka Kuba kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo mashariki. Serikali yetu iliusaidia mpango huo. Novemba mwaka huohuo alirudi huku amechoka na mpango umevunjika, maana viongozi wa mapambano yale hawakuwa na umoja na wengi wao walikuwa hawakanyagi uwanja wa vita. Miezi saba, wapiganaji hodari, silaha, njia ya kupitishia vitu, kila kitu kilikuwepo isipokuwa watu wa ndani waliojipanga.

Nakubaliana na kundi la ubeberu kwenye jambo moja na nakubali kwa uchungu. Simama Kibirizi asubuhi hewa ikiwa safi utaona milima ya Kongo ng'ambo. Upande ule Mobutu alitawala kuanzia 1965 mpaka 1997, akaiba, akaua, na Marekani ile ile inayotoa ripoti za haki za binadamu kila mwaka ilimlea muda wote wa vita baridi kwa sababu alikuwa upande wao dhidi ya Warusi, Juni 1989 alipokelewa Ikulu ya Marekani kama rafiki. Vita baridi ilipoisha ndo wakaanza kukumbuka demokrasia ya Zaire. Wakimbizi wa Kikongo waliopo Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, wanaishi na madeni ya siasa hiyo mpaka leo. Lakini mimi siendi mbali kiasi cha kusema basi hoja nzima ya haki ni uongo. Mwalimu yule wa Makamba hapotezi haki yake ya kutopigwa risasi kwa sababu Marekani ilimpenda Mobutu.

Kuna suala la misaada, ambalo najua ndo linalowasha moto kijiweni kwenu. Kigoma tuna mfano wetu. Serikali ya Marekani kupitia shirika lake la MCC ilitupa Tanzania mkataba wa kwanza wa dola milioni 698 kuanzia 2008, na ndani yake kulikuwa na mpango wa umeme wa maji wa Malagarasi pale Igamba. Ule ukaachwa kwa sababu za mazingira, kuna samaki na konokono wasiopatikana kwingine, badala yake ikaja sola kwenye shule, zahanati na masoko ya vijijini mkoani kwetu. Mkataba wa pili ulikuwa wa umeme, kama dola milioni 472. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, Machi 20, 2016 ukarudiwa wapinzani wakasusia, na mwisho wa mwezi huo huo bodi ya MCC ikasimamisha ushirikiano, ikataja Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Nini kilibadilika Zanzibar? Matokeo hayakubadilika. Sheria ilibaki. Aliyekosa ni mtu wa kijijini aliyekuwa anasubiri nguzo. Siwalaumu waliosimamisha, hela ni zao na masharti tuliyajua tangu mwanzo, ila ukiniuliza kama ilisogeza demokrasia hatua moja mbele nitakwambia sijaiona hatua hiyo.

Tofauti kidogo ni lile la wasichana wajawazito na shule. Walikuwa wanafukuzwa moja kwa moja, wanaharakati wa ndani, akina mama hasa, wamelipigia kelele miaka mingi. Novemba 2018 Benki ya Dunia ikazuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300. Januari 2020 mbunge wetu wa Kigoma Mjini wakati ule, Zitto Kabwe, akaiandikia benki ile isitoe mkopo mpaka hali irekebishwe, wanasiasa wengine wakamwita msaliti, mkopo ukapitishwa Machi 31 ukiwa dola milioni 500. Halafu Novemba 2021, serikali ikiwa imebadilika baada ya kifo cha Rais Magufuli, zuio likaondolewa na mabinti wakaruhusiwa kurudi. Nani alishinda? Nasema presha ya nje ililiweka jambo mezani likashindwa kufichika, lakini lililoliondoa ni Watanzania waliokataa kunyamaza pamoja na kiongozi mpya aliyekuwa tayari kusikia. Ungetoa kelele za ndani, ile hatua ya benki ingekuwa karatasi tu. Na tena angalia ubora wa dai: mtoto huyu arudi darasani. Kila mtu analielewa, na ikitekelezwa unaona kwa macho.

Wanaotaka misaada ikatwe kila kitu wafikirie pia ya 2025, Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, kwa sababu zake za ndani. Hela za dawa zilitikisika na hela za vikundi vinavyofuatilia uchaguzi na kutetea waandishi wa habari zikapotea pamoja nazo. Hakuna mtawala dhalimu aliyelala njaa siku hiyo.

Sasa Tanzania ifanye nini. Jambo la kwanza tunalifanya tayari na halihesabiwi: kupokea watu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 tuliwapa ardhi Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo, na baadaye zaidi ya watu 160,000 kati yao wakapewa uraia, jambo ambalo nchi tajiri hazijawahi kulifanya kwa mkupuo mmoja kiasi hicho kwa wakimbizi. Hiyo ni sera ya nje yenye utu kuliko hotuba yoyote. Lakini Machi 1995 tulifunga boda watu wakiwa njiani, na kambi ya Mtabila pale Kasulu ilipofungwa 2012 wengi waliondoka huku wanalia, na ninasema hayo kwa sababu naipenda nchi hii na nataka tubaki kwenye ile ya 1972. Mkimbizi kurudi kwao kwa hiari ndo mstari ambao serikali yetu haifai kuuvuka, hata bajeti ikibana, hata kuni za Kasulu zikiisha.

La pili ni kusafisha kwetu ili sauti yetu isikike. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha, kwenye ardhi yetu, sisi ni wenyeji wake, lakini Novemba 2019 tuliondoa lile tamko linalomruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Utamwambiaje Mrundi au Mkongo aheshimu haki wakati umemfungia raia wako mlango wa mahakama uliyoikaribisha mwenyewe? Lirudishwe. Hili mbunge wenu anaweza kuulizwa akija Mwanga hapa mjini kuomba kura, na aulizwe kwa jina lake hilo hilo, tamko la ibara ya 34(6), asije akajibu mambo ya barabara.

La tatu ni kwa ajili yenu moja kwa moja, maana siku nyingine kanda itaamua tena kufunga boda kwa jina la haki za watu. Dai liandikwe wazi, tarehe ya kulipitia iandikwe, na wafanyabiashara wadogo wa mpakani, wa Kibirizi, Manyovu na Mabamba, wawe na fungu lao la fidia tangu siku ya kwanza, siyo baadaye. Chama chenu cha wavuvi na wachuuzi kiandike barua hiyo sasa hivi hali ikiwa shwari kwa sababu boda ikishafungwa hakuna atakayewasikiliza. Na mkiona nchi yoyote mwanachama, ya kwetu ikiwemo, imevunja mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ibara zake za 6 na 7 zinataja utawala bora, demokrasia na haki za watu, Mahakama ya Afrika Mashariki inampokea mwananchi wa kawaida chini ya ibara ya 30 bila kibali cha serikali yake. Machi 2019 ilisema vipengele vya sheria yetu ya huduma za habari vinakiuka mkataba, na waliofungua kesi walikuwa asasi za Watanzania. Ila kuna kikomo: kesi ifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au tangu ulipojua, na mahakama hiyo haiongezi muda, nimeona hoja nzuri kabisa zikitupwa kwa kuchelewa. Kama kijiweni kwenu kuna anayesoma sheria, mpeni hiyo ibara aanze nayo.